Upo wa Elvstrøm: kifaa kinachofua ngama chenyewe, na bingwa aliyekibuni

Maji yakiingia chomboni, mtu mmoja huacha kila kitu, akachuchumaa na upo (chombo cha kuchotea maji) mkononi, akafua ngama, yaani akayachota maji hayo na kuyamwaga nje, mpaka sakafu ionekane. Kwenye jahazi lenye mabaharia sita hilo si tatizo. Kwenye boti ya mashindano ya mtu mmoja, ambaye mkono mmoja umeshika kana (mpini wa usukani) na mwingine kamba ya demani inayokaza tanga, hakuna wa kufua. Kifaa tunachokipima hapa kilibuniwa kwa ajili ya baharia huyo. Ni kisanduku bapa cha chuma cha pua kinachofungwa kwenye tundu la sakafu ya boti na kunyonya ngama kwa nguvu ya mwendo wa boti yenyewe. Siku hizi kinauzwa kwa jina la Andersen, ila mabaharia wa siku nyingi bado wanakiita kwa jina la aliyekibuni, Paul Elvstrøm wa Denmark.

Tuseme mapema: kwa boti nyepesi ya tanga yenye mwendo mzuri, kifaa hiki kinastahili kila senti. Kwa chombo kizito, au kinachovutwa mchangani kila jioni, usikinunue.

Ili uelewe kwa nini kilitengenezwa hivi, mtazame kwanza mwenyewe. Elvstrøm alizaliwa Hellerup, karibu na Copenhagen, mwaka 1928. Mwaka 1948, akiwa na miaka 20, alikwenda Torquay, Uingereza, kwenye Olimpiki, akashindana peke yake kwenye Firefly, boti ya mita 3.66 ambayo kwa kawaida huendeshwa na watu wawili. Mbio ya kwanza hakuimaliza. Akaondoka na dhahabu. Kisha akatwaa dhahabu tatu mfululizo kwenye Finn, boti nyingine ya mtu mmoja: 1952, 1956 na 1960. Kabla yake hakuna mwanamichezo wa mchezo wowote aliyewahi kushinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki nne zinazofuatana. Alirudi tena 1968 na 1972, na mwaka 1984 akashindana kwenye Tornado, boti ya mitumbwi miwili, pamoja na binti yake Trine. Walimaliza wa nne, hatua moja tu nje ya medali, wakarudi tena pamoja 1988. Ni Olimpiki nane katika miaka 40. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 88.

Siri yake haikuwa bahati ya upepo. Alichunguza kila kinachopunguza mwendo, akakitafutia dawa. Nyumbani alikuwa na benchi la mazoezi, akipachika miguu kwenye mikanda na kuning'inia kwa mgongo mpaka mapaja na tumbo vizoee. Pepo kali zikija, wenzake walilegeza tanga au waliketi wima kwa uchovu, yeye alibaki amenyooka nje ya boti, tanga limekazwa. Lakini boti inayosukumwa namna hiyo hunywa mawimbi kwa omo (mbele) na kwa ukingo, na aliyening'inia nje hana namna ya kuinama na upo.

Na ngama ni adui mkubwa kuliko inavyoonekana. Lita 40 za maji ya bahari ni karibu kilo 41, na uzito huo haukai mahali pamoja kama mtu. Boti ikilala, yote hukimbilia upande wa demani, yaani ule ulioinama, mahali pale pale ambapo hutaki uzito. Boti inalala zaidi, inanywa zaidi. Boti ikiinua omo, maji yanarudi tezi (nyuma) na kuizuia isipande wimbi.

Sasa kifaa chenyewe. Kina sehemu chache: fremu inayolala sawasawa na ngozi ya nje ya boti, ulimi wa chuma uliofungwa bawaba upande wa omo, mpira wa kuzuia maji, kilango chepesi ndani, na kishikio cha waya. Ukisukuma kishikio chini, ulimi unashuka chini ya boti kama kabari, mdomo wake ukitazama tezi. Maji ya bahari yanapopita kwa kasi juu ya kabari hiyo, nyuma yake mgandamizo unapungua, na ngama inavutwa kwenda nje. Kasi ikipungua, kilango kinasukumwa na maji ya nje na kujifunga. Kazi ikiisha utasikia: kifaa kinaanza kukoroma, kwa sababu kinavuta hewa pamoja na matone ya mwisho. Sauti hiyo ndiyo ishara ya kuvuta kishikio juu na kufunga, maana ulimi ulioachwa wazi unaburuza maji na kukupunguzia mwendo bure.

Vinapatikana kwa saizi kadhaa, kuanzia ndogo kabisa hadi kubwa za boti za mwendo kasi. Kosa la wanunuzi wengi ni kuchukua kubwa. Kubwa inahitaji tundu refu na sakafu iliyonyooka kwa urefu huo wote, na boti nyingi ndogo zina mpindo pale chini. Kwa boti ya mita nne hadi tano, mbili za saizi ya kati, moja kila upande wa mkuku (uti wa chini ya boti), ni bora kuliko moja kubwa katikati, kwa sababu ngama hukaa upande wa demani na kifaa cha katikati kinaachwa kikavu. Kabla ya kulipa, soma kanuni za aina ya boti yako. Optimist, boti ndogo ya watoto, kwa mfano, hufuliwa kwa mkono tu.

Ufungaji ndio unaoamua kama utakipenda au utakilaani, kwa hiyo tuukalie kidogo. Weka boti ikielea na mabaharia wameketi mahali pao, mimina ndoo ya maji, tazama yanapokusanyika. Hapo ndipo mahali pake, kwa kawaida nyuma kidogo ya katikati, karibu na miguu ya anayeshika kana. Kata kielelezo cha kadibodi kwa kufuata fremu, kibandike, na andika juu yake mshale wa kuelekea omo. Usiudharau mshale huo: kifaa kikifungwa kinyume, mwendo wa boti unapiga maji ndani badala ya kuyatoa, na tundu limeshakatwa. Toboa kwa drili kutoka ndani, kata kwa msumeno mwembamba ukibakiza milimita mbili, kisha malizia kwa tupa na msasa.

Boti za faiba zenye povu katikati ya ngozi mbili zina hatari yake. Povu likiachwa wazi pembeni mwa tundu, litanyonya maji kimya kimya na boti itaongezeka uzito bila wewe kujua sababu. Chimbua povu kwa kina cha sentimita moja kuzunguka tundu lote, jaza epoksi iliyokorogwa na unga wake, iache ikauke kabisa, ndipo uendelee. Fremu izamishwe iwe sawa na ngozi ya nje. Ikitokeza hata kidogo, itakwangua kila unapoishusha boti kwenye troli.

Kwa kuziba, tumia silikoni ya baharini au gundi nyingine inayobaki laini. Ile gundi kali ya kudumu inavutia, lakini siku ya kubadilisha kifaa itang'oka na ngozi ya faiba. Kaza skrubu kwa kupishana, nusu tu, acha usiku mmoja, kisha kaza kabisa. Ukikaza yote mara moja gundi yote inakamuliwa nje na chuma kinabaki juu ya faiba tupu. Kwenye boti ya alumini tenganisha metali hizo mbili kwa mpira na gundi, la sivyo alumini italiwa na kutu kuzunguka fremu. Jaribio ni rahisi: boti ikiwa juu ya troli, kifaa kimefungwa, mimina maji ndani na ukae chini yake na kitambaa kikavu kwa robo saa.

Malalamiko makubwa kuhusu kifaa hiki ni kuvuja, na mara nyingi lawama si ya kifaa. Chanzo cha kwanza ni mchanga. Punje chache tu zikikaa kati ya ulimi na mpira, maji yanapita. Kifungue kwenye maji safi, sugua mpira kwa kidole, kisha funga. Usipake mafuta ya taa wala jeli ya petroli, vinaoza mpira. Grisi ya silikoni inatosha. Cha pili ni kusahau kufunga kabla ya kufika ufukweni. Ulimi ukigusa chini hupinda, na ukishapinda haunyooki tena sawasawa hata ukigongwa na fundi hodari. Jizoeze kufunga mara maji yanapofika kiunoni. Cha tatu ni jua: kilango na mpira vinakakamaa. Vipuri vyake vinauzwa peke yake, na ni heri uviagize pamoja na kifaa, maana huku kwetu pwani ya Afrika Mashariki vikihitajika ghafla utavisubiri.

Mwani nao huingia. Ukiona ngama haipungui na mwendo upo, funga, fungua tena mara mbili tatu kwa nguvu.

Kwa ngalawa hatukipendekezi kabisa. Gogo lake ni nene kuliko kifaa kinavyoweza kupita, tako lake ni la mviringo, na linaburutwa mchangani kila siku. Kwa boti zenye tezi iliyo wazi hakihitajiki pia, maji yanatoka yenyewe.

Na hata ukifunga viwili vizuri, dumu lililokatwa libaki limefungwa kwa kamba ndani ya boti. Boti iliyopinduka na kuinuliwa imejaa maji hadi ukingoni, haina mwendo, na kifaa kisicho na mwendo hakifanyi lolote; ukikifungua mapema maji yanaweza hata kuingia. Fua kwa dumu mpaka boti ianze kushika njia, uchukue upepo wa mbavuni, legeza kamba ya demani kidogo ili boti isilale, ndipo usukume kishikio chini na usubiri kukoroma.