"Sabuni si Maandazi": Kostiki ya Kupima Niliyouziwa Dodoma

Nilijiapiza siandiki mpaka hasira ishuke. Haijashuka, na mama aliyenipa oda bado ananiangalia kwa jicho la pembeni kila tukikutana kanisani. Basi naandika nayo hivyo hivyo.

Duka ni la malighafi za sabuni, hapa Dodoma mjini. Jina silitaji, sitaki kesi. Kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), mafuta ya nazi, mawese, rangi, manukato, vyote wanapima pale. Nyota ninazowapa: sifuri. Kama kuna chini ya sifuri, nionyesheni pa kubonyeza.

Mimi natengeneza sabuni za kuogea nyumbani kwangu Nkuhungu, kwa njia ya baridi. Maana yake sipiki. Nachanganya mafuta na maji ya kostiki, nakoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, namimina kwenye boksi, nafunika blanketi. Kesho yake au keshokutwa nakata, halafu vipande vinakaa rafu wiki nne mpaka sita. Huu ni mwaka wangu wa tatu. Naitaja miaka hiyo kwa sababu ya neno nililokuja kuambiwa.

Oda yenyewe ilikuwa vipande 60 vya kicheni pati. Kila mgeni akiondoka apewe kimoja, kimefungwa kwa kipande cha kitenge. Nikapanga mafuta kilo 6: nusu mawese, nazi kilo 1.8, iliyobaki alizeti, maana alizeti hapa kwetu ndiyo mafuta ya nyumbani. Wenzangu mnajua kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki. Nazi inakula gramu kama 183 kwa kilo, mawese 141, alizeti 135 hivi. Ukiacha asilimia 5 ya mafuta yabaki bila kuguswa, ili sabuni isimkaushe mtu ngozi, inakuja gramu 869. Nilipima 870. Sikukisia kwa kiganja, ndugu zangu, nilipima.

Siku niliyokwenda kununua ilikuwa kwenye mvua zile za mwanzo wa mwaka, zilipokuwa zinanyesha kama zinatudai. Nilifika dukani viatu nimevishika mkononi. Kijana wa pale alinipokea vizuri tu, "Shikamoo mama, karibu," nikaitika marahaba, nikamwambia kilo moja ya kostiki. Akaenda kwenye pipa lililokuwa karibu na mlango. Halikuwa na mfuniko. Narudia: halikuwa na mfuniko, na nje mvua. Akachota kwa kata ya plastiki, ikagonga kitu kigumu. Akageuza kata, akapiga bonge kwa mpini, ko, ko, ko, likapasuka vipande viwili, akavitia kwenye mfuko wangu pamoja na unga wake. Kostiki nzuri ni vipande bapa vikavu, kama magamba ya samaki, ukitikisa mfuko vinachezacheza. Hii ilikuwa imeshikana kama sukari iliyoloa.

Niliona. Hilo ndilo linaloniuma. Niliona kwa macho yangu nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nawahi daladala.

Siku ya kutengeneza nikamimina kostiki kwenye maji (kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, usije ukageuza, itakurukia usoni). Kwa kawaida hapo jagi halishikiki. Linapanda moto kama chai iliyotoka jikoni na mvuke unakukaba koo, ndiyo maana nakorogea uani. Safari hii nilishika jagi kwa mkono na glovu yangu nyembamba na nikaendelea kulishika. Vuguvugu. Kama maji ya kumwogeshea mtoto. Mwenye akili angesimama pale. Mimi nikasema labda ni ubaridi wa mvua.

Nikakoroga. Kazi ambayo huniishia kabla vipindi vya redio havijabadilika, siku hiyo nilibadilisha mkono, nikamwita binti yangu, naye akachoka, nikarudi mimi. Ikaja kushika kwa shida, nikamimina, nikafunika, nikaomba Mungu.

Kesho yake kisu kiliingia kama kwenye ugali wa moto. Wiki mbili, bado laini. Wiki ya sita nilibonyeza kipande kwa kidole gumba, alama ikabaki, na kidole kikatoka kinang'aa mafuta. Halafu zikaja zile doa za rangi ya chungwa, moja, tano, kila kipande, na harufu ya karai la chipsi ambalo halijabadilishwa mafuta wiki nzima. Nani atampa mgeni wa kicheni pati kitu kile? Nilirudisha hela ya watu. Yote, hadi ya kitenge.

Nilikaa chini kutafuta kosa kabla ya kumnyooshea mtu kidole, na hapa nataka nisomwe polepole. Niligusa sabuni kwa ncha ya ulimi. Kostiki ikiwa imezidi inakupiga kama umelamba betri ya redio. Haikunipiga hata kidogo, kwa hiyo kostiki haikuzidi, ilipungua. Mizani? Niliweka betri mpya, nikapima pakiti ya sukari ya kilo, ikasoma kilo. Maji? Maji yetu ya Dodoma yanatoka visima vya Mzakwe, na kila mwenye birika anaujua ule ukoko mweupe, ndiyo maana kwenye sabuni natumia maji ya chupa. Mafuta? Dumu lile lile la mawese na alizeti ile ile nilikuwa nimetengenezea sabuni chache kabla, kwa kostiki ya kwingine, na vipande vyake viko bafuni kwangu, vigumu kama kokoto.

Ikabaki kostiki. Kulikuwa na gramu 130 zimebaki mfukoni. Nikavaa glovu, nikayeyusha kijiko kimoja kwenye maji mengi, nikaacha ipoe, nikamimina siki mpaka ikazidi. Kostiki safi ukiizidishia siki inapata joto tu, haitoi mapovu. Hii ilitoa mapovu, shhhh, kama soda iliyofunguliwa. Kwa wasiojua: kostiki ikiachwa wazi inavuta maji ya hewani, na inavuta hewa ya ukaa, taratibu inageuka magadi. Ndiyo, magadi, ndugu wa yale yale tunayotilia mlenda. Na magadi kwa njia ya baridi hayageuzi mafuta kuwa sabuni. Kwa hiyo mimi niliuziwa mchanganyiko wa kostiki, maji na magadi, kwa bei ya kostiki tupu, nikavipima kwa uaminifu gramu 870.

Nikafunga kipande kimoja kwenye gazeti, nikaenda nacho dukani.

Safari hii shikamoo haikuwepo. Kijana alikuwa anapiga hesabu kwenye simu. Nikamweleza kwa upole, kaka, ile kostiki ilikuwa imeshikana, sabuni yangu imegoma, nilikuwa nina oda. Hakugusa hata gazeti. Akasema, "Dodoma kukavu mama, unyevu utoke wapi?" Nikamkumbusha mvua ya siku ile. Akasema wateja wote wamechukua pipa lile lile na hakuna aliyelalamika. Halafu, akiwa bado anaangalia simu, akasema:

"Mama, sabuni si maandazi."

Wateja wawili wakacheka. Mmoja alikuwa mwanamke mwenzangu.

Sasa. Kwanza, kwani maandazi ni rahisi? Jaribu wewe kuumua unga alfajiri ya Julai hapa Dodoma, kipupwe kinakata masikio, uone kama utaumuka kwa wakati. Nimeuza maandazi mimi, nimesomesha watoto kwa maandazi. Na hata mpika maandazi akiuziwa hamira mfu, anajua ni hamira, harudi kulaumu mikono yake. Pili, alijuaje kama nilipika maandazi? Nilikaa njia nzima ya kurudi nikijiuliza kama nguo yangu ilikuwa na unga. Haikuwa nayo. Alisema tu, kwa sababu aliona mama mwenye khanga na kipande cha gazeti. Angekuja mwanaume na briefkesi na sabuni ile ile, angeambiwa "bosi, hebu tuone".

Ukutani kuna kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilikisoma mara tatu ili nisipige kelele.

Haya, niseme na la upande wa pili, maana nitaulizwa. Jirani yangu mmoja, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: ule mfuko ulikaa kwako siku ngapi kabla hujautumia? Nikamwambia chache. Akanitazama. Wiki moja, nikasema. Akaendelea kunitazama. Labda mbili. Ulikuwa wapi? Jikoni, kwenye rafu juu ya jiko. Jiko linapochemshia maji? Ndiyo. Umefungwaje? Kwa mpira. Mama wa watu hakusema neno tena, akaendelea kuchambua mchele.

Kwa hiyo inawezekana, nasema inawezekana, sehemu ya magadi yale niliyafuga mwenyewe. Kostiki inatakiwa kukaa kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko wa kukaza, mbali na mvuke, na mimi nilijua, na sikufanya, kwa sababu wiki zile mbili nilikuwa na mgonjwa. Wapeni nyota moja. Mbili, kwa sababu mafuta yao ya nazi sijawahi kuyalalamikia, na mizani yao haiibi.

Lakini lile bonge! Bonge lilikuwepo siku ya kwanza, kabla halijaonja mvuke wa jiko langu. Alilipiga kwa mpini mbele yangu. Rafu yangu haikwenda dukani kwake. Rudisheni ile nyota moja.

Kwa mwenye tatizo kama langu, sabuni usiitupe mara moja. Nilikwangua kilo moja kwa kikwangulio cha karoti, nikaiyeyusha kwenye sufuria ya stili juu ya maji yanayochemka (sufuria zetu hizi za alumini kostiki inazila, zinatoka mapovu na kuwa nyeusi). Nikanunua kostiki ya mfuko uliofungwa kiwandani, duka jingine, nikayeyusha kidogo kwenye maji, nikaongeza kwa vijiko, kila kijiko nakoroga, nasubiri, napooza tone, nagusa ulimi. Kama sikuhisi kitu na bado ina mafuta juu, kijiko kingine. Nikasimama kabla haijaanza kupiga. Ikawa ngumu. Sura yake ni kama kibanzi cha chokaa na harufu ya karai haikuondoka yote, hiyo huwezi kuirudisha nyuma, ila inafua mashuka vizuri kuliko sabuni ya mche ya dukani. Kilo zilizobaki bado ziko kwenye ndoo. Mkono unaniuma nikizitazama tu.

Juzi nilipita pale tena. Sikwenda kununua. Nilikwenda kuangalia pipa, na lile pipa sasa limefunikwa sinia la bati na tofali juu yake. Nilisimama nikaangalia lile tofali kwa muda. Kijana akaniona, akatabasamu kama hakuna kilichotokea, "Karibu mama yangu, kuna mzigo mpya." Nikamwambia kama ni mpya afungue mfuko mbele yangu. Akafungua, kwa kisu, mbele yangu, magamba makavu kabisa yanachezacheza. Akapima kilo moja, akaitia kwenye kopo lenye mfuniko bila mimi kuomba. Bei imepanda mia tano.

Nyota mbili, nikawa nasema moyoni. Labda na nusu. Nikatoa noti ya elfu kumi, akachukua, akafungua droo, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Na maandazi je, mama, yanakwendaje?"

Nilibeba kopo langu nikatoka bila kujibu. Nikafika karibu na kona ndipo nikakumbuka chenji bado iko mezani kwake. Nikarudi. Nyota moja.