Nani anaanza? Sanduku la X-Wing toleo la pili kwenye meza ya Mwanza

Kwenye vijiwe vya drafti vya Kirumba, ugomvi mwingi unakwisha kwa sheria moja: ukishika, umecheza. Kwenye vita vya sanamu ndogo za mezani sheria moja haitoshi. Kila chombo kina kadi yake, kila kadi ina uwezo wake, na uwezo wa watu wawili ukiamshwa na tukio lilelile linazuka swali la kuua jioni nzima: nani anaanza?

Sanduku la X-Wing toleo la pili, mchezo wa mapigano ya vyombo vya angani vya Star Wars lililotolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2018, tunalipima hapa kwa swali hilo. Uzuri wa sanamu kila mtu anauona pichani. Kisichoonekana pichani ni kama sanduku linaweza kuamua kesi bila watu kuanza kutafuta hakimu. Linaweza, tena vizuri, ila kanuni zinazoamua kesi ngumu hazimo sandukuni.

Kwanza vilivyomo. Vyombo ni 3, X-wing 1 na TIE 2, vyote vimeshapakwa rangi, kwa hiyo brashi na rangi unasahau. Kuna visahani 3 vya kuchagulia mwendo kwa siri, vigezo 11 vya kusogezea vyombo (5 vya kunyooka, 3 vya kona nyepesi, 3 vya kona kali), rula ya masafa, kadi 33 za uharibifu, na dadu za pande 8: nyekundu 3 za kushambulia na kijani 3 za kujikinga.

Hapo kwenye dadu ndipo watengenezaji walipobania. X-wing inarusha nyekundu 3, lakini ikimpiga adui aliye masafa ya 1, yaani kipande cha kwanza cha rula, inaongezewa ya nne. TIE inajikinga kwa kijani 3, na ikipigwa kutoka masafa ya 3 nayo inaongezewa ya nne. Ya nne haimo. Itabidi urushe 3, uandike uso wa mojawapo, kisha urushe hiyohiyo tena. Usipoandika, dadu ya nyongeza inachanganyika na dadu ya kurudia, yaani iliyorushwa upya kwa ruhusa ya kadi, na kanuni hairuhusu dadu kurudiwa zaidi ya mara moja ndani ya shambulio moja. Kalamu na daftari viwe mezani tangu mwanzo.

Uwanja ni mraba wa futi 3 kwa 3, yaani sentimita 91 kila upande. Mita moja ya kitambaa cheusi cha Makoroboi inatosha, ukikibana pembeni kwa sello tepu. Ila msicheze barazani mchana kama nyumba inatazama ziwa. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na TIE iliyosimama juu ya kijiti cha plastiki inaweza kusogea milimita 4 bila mtu kuiona. Kila kipande cha rula ni milimita 100, na milimita 4 zinatosha kukutoa masafa ya 1 kukupeleka ya 2. Ubishi huo hakuna kanuni ya kuumaliza. Chezeni ndani.

Sasa zamu. Kila kadi ya rubani ina namba ya rangi ya chungwa, kuanzia 1 hadi 6. Tuiite namba ya wepesi. Wakati wa kusogea, wenye namba ndogo wanatangulia. Wakati wa kufyatua, wenye namba kubwa wanatangulia. Rubani hodari anawaona wenzake wamekwenda wapi kabla hajasogea, kisha anawapiga kabla hawajampiga. Namba zikilingana, vyombo vya mchezaji wa kwanza vinatangulia. Mpaka hapo hata mtoto wa darasa la nne anaelewa.

Kesi ya kwanza inayowashinda wengi ni hii. Red Squadron Veteran, rubani wa X-wing, ana namba 3, Black Squadron Ace wa TIE naye ana 3. Veteran anatangulia kufyatua, TIE inapata madhara 3, na mwili wake ni 3: imekwisha. Wengi huinyanyua papo hapo na kuirudisha sandukuni. Wamekosea. Chombo kilichoharibiwa hubaki mezani mpaka vyombo vyote vya namba ileile ya wepesi vimalize kufyatua. Kwa hiyo Ace anajibu mapigo kwanza, ndipo anaondolewa. Lakini kadi za uharibifu alizopewa zikiwa zimefunuliwa zinamhusu bado. Moja ikiwa Weapons Failure, anarusha dadu moja pungufu, maana yake 1 badala ya 2. Mantiki yake ni kwamba namba zinazolingana zimefyatua kwa wakati mmoja. Tunazirusha kwa zamu kwa sababu mikono yetu ni michache. Ukilishika hilo hutahitaji kukariri kanuni.

Kesi ya pili ndiyo inayofaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha mpangilio mzuri wa hatua unavyompa mchezaji kitu ambacho asiyejua hatua anakipoteza. Jek Porkins, namba 4, ana X-wing. Kadi yake inasema kwamba akishapokea tokeni ya stresi anaweza kurusha dadu moja nyekundu ili kuiondoa. Ikitoka alama ya pigo, anapata dhara 1. Chombo chenye stresi hakiruhusiwi kufanya kitendo, yaani jambo la ziada baada ya kusogea, kama kulenga. Sasa Porkins anachagua mwendo mwekundu, yaani mgumu, wa kugeuka kabisa, kasi ya 4. Hatua zinakwenda hivi: anafunua kisahani, anaweka kigezo, anasogea na kugeuza uso, ndipo inakuja hatua ya kukagua ugumu wa mwendo. Mwendo ni mwekundu, anapokea stresi. Uwezo wake unaamka pale pale, kabla ya hatua ya kitendo. Anarusha dadu, stresi inatoka, na zamu ya kitendo ikifika yuko huru: anaweza kulenga adui aliyekuwa nyuma yake sekunde chache zilizopita. Gharama ni pande 3 kati ya 8, maana hizo ndizo zenye alama ya pigo la kawaida, na dhara hilo linaanza kula ngao, ambazo anazo 2.

Anayechanganya hatua hufanya kitendo kwanza, au hudhani stresi inakuja mwisho wa zamu, na kwa vyovyote anamwonea Porkins au anampendelea. Kosa hilohilo lina upande wa pili: chombo chenye stresi kikitumia mwendo wa bluu, yaani mwepesi, stresi inatoka wakati wa kukagua ugumu, kwa hiyo kitendo kinaruhusiwa zamu hiyohiyo. Watu wengi hukaa bure zamu nzima kwa kutojua hilo tu.

Upande wa TIE kuna Iden Versio na Valen Rudor, na hawa wawili ni somo zuri kwa sababu kadi zao zinagusa shambulio moja katika sehemu mbili tofauti. Iden ana chaji 1: kabla TIE ya upande wake iliyo masafa ya 0 hadi 1 haijapata madhara, anaweza kuitumia na kuyazuia. Asikubali kuharakishwa. Shambulio linakwenda kwa hatua zake: dadu nyekundu zinarushwa, anayejikinga anazigusa kwanza kisha mshambuliaji, dadu za kijani zinarushwa, mshambuliaji anazigusa kwanza kisha mwenyewe, zinafutana, mapigo ya kawaida yakifutwa kabla ya mapigo makali, ndipo madhara yanagawiwa. Iden anazungumza kwenye hatua hiyo ya mwisho, baada ya kujua kama kuna kilichobaki. Mpinzani akikuuliza «unatumia chaji?» wakati dadu bado zinaviringika, mjibu muda haujafika.

Valen yeye, chombo cha upande wake kilicho karibu naye kikishambuliwa, anasubiri mpaka madhara yameshagawiwa, kisha anafanya kitendo. Na chombo kinahesabika kuwa cha upande wake chenyewe, masafa ya 0 kutoka kwake, kwa hiyo akipigwa yeye mwenyewe uwezo unaamka vilevile. Anaweza kujiviringisha pembeni na kutoka kwenye pembe ya kufyatua ya chombo kinachofuata. Iden na Valen hawagombani kamwe: mmoja ni kabla, mwingine ni baada.

Wanaogombana ni wale ambao tukio moja limewaamsha pamoja. Hapa X-Wing ina kitu ambacho michezo mingi ya aina hii inakikosa: foleni. Tukio likiamsha uwezo kadhaa, mchezaji wa kwanza anaingiza wake kwenye foleni kwa mpangilio anaotaka, kisha wa pili anaingiza wake nyuma. Unatekelezwa ulio mbele. Utekelezaji ukizaa uwezo mpya, huo hauendi mkiani, unaingia mbele ya foleni. Waliowahi kusubiri Busisi enzi za kivuko, kabla ya daraja, wanaielewa hii bila mchoro: gari la wagonjwa likifika, halipangi nyuma ya malori ya pamba.

Tumieni visoda. Mchezaji wa kwanza ana uwezo A na B, wa pili ana C. Panga A, B, C mezani. Tekeleza A, kiondoe. A imeamsha D ya mchezaji wa pili? Weka D mbele: sasa ni D, B, C. Zamu ya B ikifika na tokeni ambayo B ilipaswa kuilipa imeshatumika, B haifanyi kitu. Kwa hiyo kupanga foleni yako ni sehemu ya mbinu: kinachotumia tokeni kikae mbele ya kinachoweza kuipoteza.

Kuna mahali pamoja foleni ya kawaida haitumiki, na hapo ndipo hata wazoefu huteleza. Baada ya shambulio kwisha, haijalishi nani ni mchezaji wa kwanza. Uwezo wa anayejikinga unatangulia, kisha wa mshambuliaji. Mashambulio ya nyongeza yanasubiri nyuma yao, nayo huanza na ya anayejikinga. Kwa hiyo Valen anaondoka kabla mshambuliaji hajatumia uwezo wake wa baada ya kushambulia. Andikeni mstari huo kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi na kukiweka mezani.

Kadi zote ni za Kiingereza, na kesi nyingi ni kesi za neno moja. «Before», «while» na «after» ni nyakati tatu tofauti, hazibadilishani. «May» maana yake ni hiari. Kadi isiyo na neno hilo ni lazima, hata ikikuumiza. Anayefundisha wageni asifasiri kadi juu juu kwa «ukishambulia», kwa sababu «ukishambulia» inabeba nyakati zote tatu. Aseme «kabla hujashambulia», «unaposhambulia», «ukishamaliza kushambulia».

Sasa lawama. Kitabu cha sandukuni kinafundisha kucheza. Maelezo kamili ya foleni na ya baada ya shambulio yamo kwenye kitabu cha rejea kilichotolewa bure kama PDF. Kipakueni kwenye simu kabla ya siku ya mchezo, si siku umeme umekatika na bando limekwisha. Ubaya zaidi ni kwamba kuna kanuni za aina mbili. Mchezo ulihamia Atomic Mass Games, na mwaka 2022 zikatoka kanuni mpya: kikosi cha alama 200 kikawa cha alama 20, mchezaji wa kwanza akaanza kuchaguliwa kwa bahati kila mzunguko baada ya visahani kupangwa, na kugongana kwa vyombo kukapewa adhabu tofauti. Ukitumia foleni ya mwaka 2018 na mpinzani akatumia ya 2022, mtabishana nyote mkiwa na haki. Kubalianeni mwaka kabla ya kufungua sanduku. Kwa sanduku hili moja, bila nyongeza, za 2018 zinatosha na kitabu chenu kinalingana nazo.

Mwaka 2024 Atomic Mass Games walitangaza kusitisha utengenezaji, kwa hiyo sasa utanunua lililotumika au lililobaki stoo ya mtu. Mwombe muuzaji picha ya vigezo vyote 11 vimepangwa, na ya visahani vikiwa vimefunguliwa. Kagua vijiti vya plastiki chini ya vyombo, maana vikivunjika ndani ya tundu, kuvitoa ni kazi ya sindano na subira. Mwisho mwombe ahesabu kadi za uharibifu mbele ya kamera. Zikiwa 32, ujue mtu atarusha dadu, atapata pigo kali, na kadi ambayo ingeamua mchezo iko chini ya kochi la mtu mwingine.