Sauti za Busara na Mji Mkongwe: uzoefu wangu, kuanzia botini hadi jukwaani

Ushauri ninaoupa uzito kuliko wote ni huu: ukienda Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, lala Mji Mkongwe. Watu wengi hulipia hoteli za ufukweni Nungwi au Paje, kisha wanakosa nusu ya ratiba. Nungwi iko takriban kilomita 60 kutoka mjini, usiku wa manane hakuna daladala, na wasanii wanaosubiriwa zaidi ndio hupanda mwisho. Aliyechukua chumba Shangani, Malindi au Mkunazini anarudi kwa miguu. Ufukwe uwekee siku za baada ya tamasha.

Tamasha lilianza 2004 na mwezi wake ni Februari, ingawa 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Tarehe usizikisie kwa kuangalia za mwaka uliopita. Miaka hii Ramadhani inagongana na Februari (2026 ilianza katikati ya mwezi huo), na Zanzibar haina matamasha ya muziki ndani ya mwezi mtukufu. Hakikisha tarehe kwanza, ndipo ulipie ndege na chumba. Soma pia tiketi ujue ni ukumbi gani: kwa miaka mingi kitovu ni Ngome Kongwe, lakini majukwaa mengine yamewahi kuwekwa nje yake. Bei ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni unapokwenda kuchukua tiketi.

Kutoka Dar es Salaam, boti ya mwendo kasi hutumia kama saa mbili. Tiketi nunua dirishani au mtandaoni, usimpe pesa anayekufuata getini akikuita "bosi". Kitambulisho au pasipoti ni lazima, na fika bandarini angalau saa moja kabla. Februari ni msimu wa kaskazi, na upepo ukikaza boti hupigwa na mawimbi. Kaa katikati au nyuma, sehemu ya chini, kwa sababu pua ya boti ndiyo inayonyanyuka na kushuka zaidi. Dawa ya kichefuchefu imeze kabla ya kupanda. Ukisubiri hadi tumbo lichafuke umechelewa. Wageni kutoka nje ya nchi wanatakiwa pia kuwa na bima ya kuingilia Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44 kwa mtu mzima. Ilipie mtandaoni kabla ya safari ili usipoteze muda foleni. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku.

Sasa muziki wenyewe. Sifa kubwa ya Busara, na ndiyo inayonifanya nilipe tamasha hili alama za juu, ni kwamba kila kitu kinapigwa laivu. Hakuna pleibeki. Msanii anayezoea kuimba juu ya CD hapa hana pa kujificha: anakuja na bendi, bendi inapiga, na makosa yanasikika. Utamu wake ni kwamba wimbo unaoujua redioni unaweza kurefushwa mara mbili, mpiga ngoma akapewa nafasi, na mwimbaji akajibizana na watu.

Gharama ya laivu ni muda. Kati ya kundi na kundi nyaya hubadilishwa na vyombo hupimwa upya, na ratiba husogea. Taarabu ndiyo inayohitaji subira zaidi, na sababu yake inaonekana ukisogea karibu na ganuni, ala ya nyuzi inayolazwa na kudonolewa kwa vidole. Ina nyuzi zaidi ya 70, na daraja linalozibeba limekaa juu ya ngozi. Ngozi ikinywa unyevu wa bahari hulegea, daraja linazama kidogo, na sauti yote inashuka. Mpigaji huinama na ufunguo wake mdogo akazunguka uzi baada ya uzi, huku fidla na udi vikimsubiri. Usiondoke wakati huo. Kundi linaloanza likiwa limelingana hukaa kichwani hadi asubuhi. Na mwimbaji akikugusa moyo, nenda ukamtunze: noti mkononi, taratibu, kwa mwendo wa wimbo. Kwenye taarabu hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Ndani ya Ngome kuna ua wa nyasi na kuna ukumbi wa ngazi za mawe. Kwenye ua, simama usawa wa meza ya mafundi mitambo au mbele yake kidogo. Sauti inapangwa kwa masikio yaliyopo pale. Ukiegemea ukuta besi inajirundika na maneno ya wimbo yanapotea. Kwenye ngazi chukua kanga nene au mto mdogo, mawe yanachosha. Viatu viwe vya kufunika vidole, maana watu wakianza kucheza hakuna anayeangalia chini.

Joto lisidharauliwe. Mchana hupita nyuzi 30, na unyevu hulifanya lizidi. Wanaoishiwa nguvu saa nne usiku ni wale waliozurura juani tangu saa sita mchana bila maji. Toka asubuhi, lala adhuhuri, amka alasiri.

Asubuhi hizo ndizo za kuuona mji. Soko la Darajani liwahi mapema, kabla samaki hawajapungua. Kisha Mkunazini, kwenye Kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Tenga muda wa kutosha, chukua mtembezaji mwenye kitambulisho, na usiingie kwa haraka za kupiga picha. Beit el Ajaib (Jumba la Maajabu), iliyojengwa 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo usiipange kama makumbusho ya kuingia bila kuulizia kwanza.

Vichochoro vyenyewe havihitaji ramani. Ukipotea, fuata watu wengi au uliza, utasindikizwa. Tazama milango. Ile yenye tao juu ni ya mtindo wa Kihindi, ile iliyonyooka juu yenye maandishi ya Kiarabu ni ya mtindo wa Kiarabu, na pembeni mara nyingi huchongwa mnyororo. Mji huu ni wa Waislamu, funika mabega na magoti, hata kama jioni unakwenda kucheza.

Chakula cha jioni ni Forodhani, ng'ambo ya barabara kutoka Ngome. Uliza bei kabla ya kitu kuwekwa mkaani, kwa kila mshikaki, si kwa sahani. Pweza na kaa wanaopangwa mezani kwa muda mrefu hukauka na kurudishwa mkaani, kwa hiyo chagua meza yenye wateja wengi, ambako vitu havilali. Chaguo langu mimi ni urojo wa moto: rojo ya manjano na embe bichi, viazi, bajia, kachori, chipsi za muhogo juu, na pilipili uwekewe pembeni. Kadi hazikusaidii hapo. Toa shilingi benki mchana, kwa sababu usiku wa tamasha foleni za mashine huwa ndefu.

Boti ya kurudi ikatie tiketi siku ileile unayokata ya kwenda. Asubuhi inayofuata usiku wa mwisho wageni wote wanataka kuondoka pamoja, na nafasi zinazobaki ni za jioni.