Tahadhari: Muuzaji wa meza za pool anayepima mdomo wa mfuko na kuficha koo lake

Ndugu zangu mnaoendesha kumbi za pool, na ninyi mnaojiandaa kununua meza za kwanza, nawaandikia kuhusu muuzaji aliyeniuzia meza nne za futi 9 kwa maelezo kwamba zote ni za viwango vya mashindano. Hazikuwa. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa malalamiko yangu dhidi yake bado hayajaamuliwa, lakini mbinu anayoitumia nitaieleza kwa ukamilifu, kwa sababu imejengwa juu ya kipimo kimoja cha kweli, na kipimo hicho ndicho kinachomfanya mnunuzi makini aache kuuliza mengine.

Nilipokwenda kuziona meza, hakuniambia nimwamini. Alitoa tepu mfukoni, akanipa mimi mwenyewe upande mmoja niushike, akaipitisha kwenye mfuko wa kona kutoka ncha ya raba ya kulia hadi ncha ya raba ya kushoto. Ikasoma sentimita 11.43, yaani inchi 4 na nusu kamili. Akafanya hivyo kwenye kona zote nne za meza ya maonyesho, na zote zikasoma vivyo hivyo. Shirikisho la dunia la mchezo huu, WPA, linataka mdomo wa mfuko wa kona uwe kati ya inchi 4.5 na inchi 4.625, yaani sentimita 11.43 hadi 11.75, kwa hiyo alichonionyesha kilikuwa ndani ya kiwango. Nilitia saini siku hiyohiyo na kulipa sehemu kubwa ya fedha kabla meza hazijafungwa.

Wiki ya kwanza baada ya kuzifunga, kijana mmoja ambaye ni miongoni mwa wachezaji wangu hodari aliniita. "Kaka, simama hapa nyuma yangu uangalie," akasema. Akaweka mpira karibu na ukingo mrefu, kiasi cha hatua moja kutoka kwenye kona, akaupiga taratibu na kwa usahihi. Mpira ukaingia mdomoni, ukagonga upande wa kushoto, ukagonga wa kulia, ukarudi kushoto, kisha ukatulia pale katikati ya taya mbili za mfuko bila kudondoka. Akarudia mara tano. Mara mbili tu uliingia. Kisha akaupiga kwa nguvu zaidi, na safari hiyo ukatapikwa kabisa hadi katikati ya meza. Mpira uliopigwa vile, kwenye meza halali, huingia.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimepima mlango bila kuupima ushoroba.

Mfuko wa meza ya pool una sehemu tatu zinazofanya kazi pamoja, na muuzaji huyu anazungumzia moja tu. Ya kwanza ni mdomo, yaani nafasi kati ya ncha mbili za raba mahali kingo zinapokoma. Ya pili ni koo, yaani nafasi iliyo ndani zaidi, karibu na mahali mpira unapodondokea. Ya tatu ni kile ninachokiita kibaraza, kipande cha sakafu ya meza kilichobaki kati ya mstari wa mdomo na ukingo wa shimo lenyewe. Koo halina tarakimu yake katika kanuni kwa sababu linatokana na pembe: raba ya ukingo inapokatwa kuingia mfukoni, kiwango ni nyuzi 142 kwenye kona, na tofauti inayoruhusiwa ni nyuzi 1 tu juu au chini. Kama pembe hiyo ingekuwa nyuzi 135, taya mbili za mfuko zingekwenda sambamba na koo lingekuwa pana sawasawa na mdomo. Kila nyuzi inayoongezeka juu ya 135 inazikutanisha taya kidogo zaidi kuelekea ndani. Kwa nyuzi 142 mkutano huo ni wa kiasi, na ndio unaoupa mchezo ugumu wake wa haki. Ukizidisha hapo, mfuko unageuka faneli inayoukataa mpira hata mpigaji asipokosea.

Nilinunua kipimapembe nikapima kona zote kumi na sita za meza zile nne. Nyingi zilikuwa karibu na nyuzi 147. Katika kina cha sentimita 5 kutoka kwenye mstari wa mdomo, koo lilikuwa na upana wa sentimita 9.3, ilhali kwa mdomo uleule wa sentimita 11.43 na pembe ya nyuzi 142 lingekuwa karibu sentimita 10.2. Tofauti hiyo ya chini ya sentimita moja inaweza kuonekana ndogo kwa asiyecheza. Kwa mpira wenye kipenyo cha sentimita 5.715, hiyo ni tofauti kati ya kuingia na kutapikwa.

Sababu ya pembe kuharibika niliipata nilipomwita fundi akafungua boliti na kuvua ukingo mmoja. Mwishoni mwa ukingo, mahali unapoingia mfukoni, panatakiwa pabandikwe kipande kimoja cha raba ngumu, na unene wake usizidi robo inchi, yaani milimita 6.35. Tulikuta vipande vitatu vimegandishwa kimoja juu ya kingine kwa gundi ambayo bado ilikuwa inanata kidoleni, vya raba laini kiasi kwamba ukucha uliacha alama, na kile cha katikati kilikuwa kimekatwa kama kabari, chembamba upande wa mdomo na kinene upande wa ndani. Fundi alivipima pamoja vikafika milimita 14 upande wa ndani. Chini yake mbao ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mfuko mpana, wa meza zinazowekwa mahali pa starehe ambako watu wanataka mipira iingie haraka. Kwa maneno mengine, meza hizi zilitengenezwa kwa kazi nyingine, kisha mifuko yake ikazibwa kwa raba hadi mdomo uonyeshe tarakimu ambayo mnunuzi ameisoma mahali. Kabari ndiyo iliyoharibu pembe. Na vipande vilipoanza kuachana kwa joto na mapigo, kila mfuko ukawa na tabia yake.

Mbinu hii inafanikiwa kwa sababu wengi wetu tumejengeka kuamini kwamba mfuko mdogo ni dalili ya meza ya wataalamu. Ni kweli kwamba baadhi ya mashindano ya kulipwa siku hizi huchezwa kwenye mifuko midogo hata kuliko ile ya kanuni, lakini kwenye meza hizo mdomo, pembe, koo na kibaraza vimepangwa pamoja tangu kiwandani. Kuufinya mdomo wa mfuko mpana kwa raba hakuzalishi meza ya namna hiyo. Mchezaji anayefanya mazoezi juu yake anajifunza kuogopa mapigo yaliyo sahihi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya fedha, kwa kuwa vijana wangu walicheza juu ya meza hizo karibu miezi miwili wakidhani kasoro iko mikononi mwao.

Mifuko ya katikati hakuihangaikia kabisa. Kanuni inataka mdomo wa inchi 5 hadi 5.125, yaani sentimita 12.7 hadi 13.02, na pembe ya nyuzi 104. Yake ilikuwa inazidi sentimita 14, kwa hiyo meza moja ilikuwa na kona zinazotapika na katikati panapomeza kila kitu.

Baada ya mifuko nilikagua kilichobaki, na hapa udanganyifu ulikuwa wa wazi zaidi. Sakafu ya meza ya mashindano ni jiwe la sleti lenye unene usiopungua inchi 1, yaani sentimita 2.54, lililonyooka kiasi kwamba tofauti kwa urefu wa meza nzima haizidi nusu milimita hivi. Jiwe la namna hiyo kwa meza ya futi 9 hukaribia kilo 300 peke yake, na kwa kawaida huja katika vipande vitatu ambavyo mafundi huviunganisha na kuvisawazisha kwa pimamaji palepale ukumbini. Meza yangu ya tatu na ya nne ziliingizwa na vijana wawili tu, sakafu ikiwa kipande kimoja kizima, nao hawakutua hata mara moja mlangoni. Nilikuwepo nikiangalia. Tulipobandua kitambaa pembeni tukakuta mbao za MDF, yaani unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, zilizopakwa rangi ya kijivu ili zifanane na jiwe. Meza mbili za kwanza zilikuwa na sleti kweli, ila ya milimita 19. Meza ya maonyesho, ile niliyoipima mwanzoni, ilikuwa na jiwe kamili, na bila shaka ndiyo sababu haiuzwi.

Mipira nayo iangalieni. Mpira halali wa pool una kipenyo cha inchi 2.25, yaani milimita 57.15, na uzito wa gramu 156 hadi 170. Katika seti nilizopewa, mpira mweupe wa seti moja ulikuwa mkubwa kuliko mingine, jambo linalobadilisha kila pigo kwa sababu unaigonga mingine juu ya kitovu chake. Kimo cha ncha ya raba ya ukingo hutegemea mpira huohuo, kati ya asilimia 62.5 na 64.5 ya kipenyo chake, ambayo ni milimita 36 hivi. Mipira ikiwa ya ukubwa usiolingana, hakuna ukingo unaoweza kuwa sahihi kwa yote.

Nilipompelekea vipimo, alinijibu kwamba kila mtengenezaji ana vipimo vyake na kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mwenye ukumbi kufuata kanuni za WPA. Maneno hayo, yakisimama peke yake, yana ukweli. Meza za snuka zina mifuko na mipira mingine kabisa, mpira wake ukiwa wa milimita 52.5, pool ya Kiingereza ina mipira yake midogo, na meza yenye sakafu ya mbao ikiuzwa kama meza ya mbao, kwa bei ya meza ya mbao, si kosa la mtu. Kosa lake ni kwamba tangazo lake, maneno yake mbele yangu na hati ya mauzo vyote vilisema "viwango vya mashindano", na kiwango hicho kimeandikwa kwa tarakimu ambazo yeye anazijua vizuri, maana vinginevyo asingejua pa kuweka kabari.

Kwa yeyote anayekusudia kununua, iwe kwake au kwa mwingine anayefanya biashara kwa mtindo huu, nashauri mambo ambayo mimi sikuyafanya. Usipime meza ya maonyesho. Pima ile utakayopewa, baada ya kufungwa mahali pako, na bakiza sehemu kubwa ya malipo hadi siku hiyo. Nenda na mipira miwili unayoiamini: kwa kuwa kila mmoja una milimita 57.15, miwili ikiwekwa bega kwa bega inaujaza kamili mdomo wa inchi 4 na nusu, lakini pembe ipime kwa kipimapembe. Bonyeza taya za mfuko kwa kidole gumba. Raba ngumu iliyobandikwa vizuri haibonyei wala haitoi mlio wa kitu kilichoachia. Inama chini ya meza na kurunzi utazame sakafu kwa upande wa chini, ambako rangi na kitambaa havifiki mara nyingi. Gonga kwa kifundo cha kidole: jiwe hujibu kwa mlio mfupi na mkavu, mbao huvuma. Zaidi ya yote, hati ya mauzo isiandikwe "viwango vya mashindano" na kuishia hapo, bali iandikwe upana wa mdomo, pembe ya mfuko, unene wa sleti na ukubwa wa uwanja wa kuchezea, ambao kwa futi 9 ni sentimita 254 kwa 127 kutoka ncha ya raba hadi ncha ya raba. Mimi hati yangu ina maneno hayo tu, "viwango vya mashindano", na ndiyo yanayoichelewesha kesi yangu.

Tangazo lake bado lipo na limebadilishwa namba ya simu. Picha ni ileile: meza yenye kitambaa cha buluu, tepu ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa kona, na tarakimu 11.43 ikisomeka wazi. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe akiomba ninyamaze ili anirejeshee fedha za meza moja. Nimemjibu kwamba nilinunua nne, na tangu hapo hajaandika tena.