Ukarabati wa kutu kwenye gari la michezo la zamani: upi wa kununua na upi wa kuuacha, kwa mnunuzi wa Kigoma

Mtu anayetafuta gari la michezo la zamani mjini Kigoma, iwe ni Toyota Altezza iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005, Subaru Impreza ya miaka ya 2000 hadi 2007 au, akibahatika, Mazda MX-5 yenye paa la turubai, kwa kawaida huanza kwa kuulizia injini na gia boksi. Hayo ni maswali ya maana, lakini injini hutolewa ikafungwa nyingine, ilhali magari haya hayana chasi ya peke yake kama lori: bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na bati likiliwa mahali panapobeba uzito, nguvu yake hairudi bila kukata na kuchomelea. Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini, mnunuzi anapaswa kujua ni nani aliyeligusa bati, alitumia nini, na kazi yake inaonekanaje kutoka upande wa ndani. Mng'aro wa rangi ya nje hauna ushahidi wowote katika jambo hili.

Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, hivyo upepo wake haubebi chumvi kama ule wa Tanga au Dar es Salaam. Chumvi huja na gari lenyewe. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido, limepita miaka mingi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na lile lililokaa pwani kabla ya kupanda huku nalo lina historia yake. Mchango wetu sisi ni tope jekundu la msimu wa mvua, ambalo hujibana ndani ya matao ya matairi na kutunza unyevu wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Tena si kila mwenye gari la michezo hulitumia kwa michezo. Buti lililowahi kubeba magunia ya chumvi ya Uvinza likaguliwe mpaka chini ya kapeti.

Nimezipanga hali za bati katika nafasi tano, kuanzia ya kununua hadi ya kuiacha. Nafasi ya kwanza naipa bodi isiyowahi kukarabatiwa, hata kama ina kutu ya juu juu kwenye nati na mikono ya sasipensheni. Kutu ya aina hiyo husuguliwa kwa brashi ya waya na chini yake kuna chuma kizima. Ili kuitambua bodi ya namna hii, lala chini upitishe kidole kwenye ukingo ulio chini ya milango, pale mabati mawili yanapoungana: kiwanda huacha vishimo vidogo vya kuchomelea vilivyopangana kwa umbali unaolingana. Vishimo vikipotea ghafla kwa urefu wa kiganja kisha vikaendelea, hapo pameguswa. Mwenye kipimo cha unene wa rangi ategemee takriban maikroni (sehemu ya elfu moja ya milimita) 100 hadi 150 kwa rangi ya kiwanda; ikifika 300 gari limepakwa upya, na ikipita 500 huenda kuna puti, ile lami ngumu ya kuzibia mabonde kabla ya rangi. Kama karatasi ya mnada wa Japani, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kabla halijauzwa huko, ipo, soma mchoro wake: herufi S ni kutu, C ni bati lililoliwa, W ni mahali palipokarabatiwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa.

Ya pili ni bodi iliyokatwa na kuchomelewa upya kwa utaratibu, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kutumia muda mwingi zaidi. Fundi mzuri wa bodi hukata mpaka afike kwenye bati safi, akaunga kipande kipya ukingo kwa ukingo, akapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha akapuliza nta ndani ya uwazi ambao hautaonekana tena. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu mteja haioni. Joto la kuchomelea huunguza rangi na zinki upande wa pili wa bati, na kuchomelea kwa gesi hueneza joto hilo eneo kubwa kuliko mashine ya umeme ya waya. Bati lililounguzwa na kuachwa tupu huanza kuota kutu kutoka ndani, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, rangi ya nje huvimba malengelenge. Omba ruhusa ya kutoa plastiki ya kizingiti cha mlango na kufunua kapeti la buti, kisha mulika kwa tochi ya simu. Ukiona mstari wa kuchomelea usiokatika, uliofunikwa rangi au nta, umeona kazi. Ukiona weusi wa moto na unga wa rangi ya chungwa, umeona kazi ya nusu, na bei ipangwe hivyo.

Nafasi ya tatu huenda ikawashangaza wengi: ni kutu iliyoachwa wazi bila kuguswa, mradi iko kwenye fenda za mbele, boneti, mfuniko wa buti au milango. Vipande hivyo hufunguliwa kwa spana, na madhara yake yanaweza kuhesabiwa mbele ya muuzaji. Nafasi hii haihusu kutu ya kwenye vizingiti, wala ile ya sehemu ya nyuma ya Impreza ambapo vichwa vya shokapu hufungwa, wala mihimili ya mbele ya MX-5 ya kizazi cha pili, ambayo huoza kutoka ndani huku nje ikionekana nzima. Kutu ya mahali hapo hulishusha gari hadi mwisho wa orodha.

Nne ni bati lililobandikwa juu ya bati bovu. Kidole hugundua ngazi ndogo ukingoni, na kati ya mabati hayo mawili unyevu hukaa bila pa kutokea, ukila la zamani na jipya kwa pamoja. Sioni sababu ya kulinunua gari hilo isipokuwa kwa vipuri.

La mwisho kabisa ni gari la puti lililopakwa chini rangi nzito nyeusi siku chache kabla ya kuuzwa. Dalali atasema, "Bosi, hiyo ni kinga tu." Kinga haipakwi upande mmoja wa gari, wala hairuki hadi kwenye mabomba ya breki na kichwa cha nati. Funga sumaku kwa kitambaa chembamba na uipitishe kwenye matao ya nyuma na vizingiti. Penye puti nene haishiki. Usihukumu boneti ya MX-5 au ya Mazda RX-8 kwa njia hiyo, kwa kuwa ni ya aluminiamu. Gonga pia kwa kifundo cha kidole: bati hulia, puti hunyamaza. Na usikague gari lililotoka kuoshwa, kwani maji huficha mawimbi ya rangi. Subiri likauke, kisha uchuchumae ulitazame ubavuni jua la jioni likiwa chini.

Kwa MX-5 lipo jaribio moja zaidi, kwa kuwa gari lisilo na paa gumu hutegemea vizingiti kuliko magari mengine. Pandisha kona moja ya mbele kwa jeki, mahali palipotengwa, mpaka tairi liachane na ardhi, kisha tazama nafasi kati ya mlango na bodi bila kuingia chini ya gari. Nafasi ikibanana juu au mlango ukagoma kufunguka, vizingiti vimekwisha, hata kama rangi inang'aa. Muuzaji asiyeruhusu jeki kabisa amekwisha kukujibu, na hapo hakuna bei ya kujadili. Aliyeruhusu, na gari lake likaangukia nafasi ya pili au ya tatu, mpelekee fundi wa bodi unayemchagua wewe, akadirie kazi iliyobaki kwa maandishi, na kiasi hicho kitolewe kwenye bei kabla hujagusa kadi ya gari.