Annie in Wonderland: sauti ya Annie Haslam kwenye nyumba ya Roy Wood

Mimi nimelelewa na taarabu. Kwetu Unguja mwimbaji haingii mpaka ala zimeshapiga zikatosha, kwa hiyo niliposikia bendi ya roki ya Uingereza, Renaissance, mara ya kwanza sikuona ugeni. Ilikuwa ile albamu yao ya 1975 yenye utungo wa Scheherazade, zaidi ya dakika 20 mfululizo. Hadithi za Alfu Lela U Lela, anazosimulia huyo Scheherazade, nilishasimuliwa na bibi zamani. Kilichonikamata ni mwimbaji, Annie Haslam, anavyopanda juu kabisa bila kupiga kelele. Nikaanza kuitafuta albamu yake ya kwanza ya peke yake, Annie in Wonderland, ya 1977.

Nimenunua santuri iliyotumika, pauni 8 na posta ndani yake. Muuzaji aliandika haina mkwaruzo hata mmoja. Ilipofika hapa Birmingham nikaiinamisha chini ya taa, nikaona mstari umekatiza upande wa kwanza kama njia ya konokono. Wimbo wa nne, Hunioco, sindano inaruka palepale kila mara. Tulivutana siku tatu ndipo akanirudishia nusu ya pesa. Mnaonunua vya zamani, ombeni picha za pande zote mbili.

Tuje kwenye muziki. Prodyuza ni Roy Wood, mtoto wa hapahapa Birmingham, ambaye ala nyingi amezipiga mwenyewe na jalada kalichora yeye. Jina halikuniambia kitu mpaka nilipogundua kuwa ndiye yule wa bendi ya Wizzard, mwenye wimbo wa Krismasi wa 1973 ambao maduka ya Uingereza hayachoki kuupiga. Miaka mitatu nimepanga makopo ya maharage zamu ya usiku huku ananiimbia, kwa hiyo tunajuana. Na tabia yake ni ileile: akiona pengo lazima alijaze. Kwenye Renaissance piano ya John Tout ilikuwa inampisha Annie apite. Hapa anapita kwenye ukumbi uliojaa viti. I Never Believed in Love, walioimba pamoja, ukiusikia mara mbili umetosha.

Lakini Rockalise! Hauna maneno, ni sauti tupu, Annie juu ya Annie juu ya Annie, na hapo ule ujazaji wa Roy Wood unageuka kuwa neema maana anachojazia ni sauti yenyewe. Mwanangu alikuwa anafanya hesabu mezani, akainua kichwa: "Mama, huyo mtu au filimbi?" Nikamwambia asikilize mpaka mwisho atajua. Hesabu haikumalizika siku ile. Nature Boy nayo nzuri, ingawa nimezoea ya Nat King Cole na sidhani kama nitahama.

Wa mwisho ni Going Home. Muziki wake ni wa mtunzi Dvořák, sehemu ya polepole ya simfoni aliyoiandika 1893 akiwa Marekani, mbali na kwao Bohemia, Ucheki ya leo; maneno aliyatia baadaye mwanafunzi wake, William Arms Fisher. Annie haupambi. Anauimba taratibu kama mtu anayekunja nguo za safari, na pale sauti inapopanda unajua hakulazimisha. Mara ya kwanza niliusikia nimetoka kazini alfajiri, viatu bado mguuni. Sikuvivua mpaka ulipoisha.

Kama humjui Annie, usianzie hapa, anza na Renaissance. Kama unamjua, inunue, nyimbo nane tu hazikumalizii siku. Mimi naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Siku hizi upande wa kwanza siugusi sana. Naweka upande wa pili, na mwanangu ameshajifunza kushusha sindano bila kuikwaruza.