Gitaa la bei nafuu lenye nyuzi za juu: uzoefu wangu wa kuzishusha

Gitaa hili la nyuzi za nailoni ni la wanaoanza, bei yake ya chini, na kwa sauti sina la kulalamikia. Kero ilikuwa moja: nyuzi zilikaa juu mno. Kodi ya F (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ilikuwa adhabu, na kule kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) ulilazimika kukandamiza mpaka noti yenyewe inapanda kupita kiasi.

Nikaanza kwa kupima. Kwanza nililituni, yaani nilikaza nyuzi zitoe sauti sahihi, maana nyuzi zikilegea kipimo hakiaminiki, kisha nikalishika kama ninavyolipiga na kusimamisha rula juu ya freti ya 12. Unachosoma ni nafasi iliyopo kati ya chuma cha freti na upande wa chini wa uzi. Rula nyingi zina pengo kabla ya sifuri, kwa hiyo yangu niliikata sifuri ikawa ukingoni kabisa. Uzi wa 6, ule mnene wa besi, ulikuwa milimita 5, na wa 1, ule mwembamba, milimita 4. Kawaida ya magitaa haya ni kama 4 na 3.

Shingo ilikuwa nzima. Nilibana uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na ya 12 kwa pamoja, na katikati ukabaki upenyo mdogo tu, kama inavyotakiwa.

Kinachopunguzwa ni kile kipande cheupe cha plastiki kilichochomekwa kwenye mfereji wa daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Kwenye langu hakikugundishwa. Nililegeza nyuzi, nikakivuta kwa vidole na kuweka alama upande wa besi. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, hivyo ili nyuzi zishuke milimita 1 pale, kipande kipungue 2. Unasugua chini, kule juu kwenye mviringo usiguse. Nilitandaza msasa juu ya kioo, nikachora mistari ya penseli upande wa chini wa kipande, nikasugua taratibu. Mistari ikifutika upande mmoja na kubaki mwingine, mkono wako umeegemea. Hapo ndipo pa kutulia, kwa sababu kipande kisipokaa bapa mferejini, kuna uzi utakaofifia sauti.

Niliishia kupunguza milimita 1.5 za kipande. Besi nazipiga kwa nguvu, na ningeshusha zaidi uzi wa 6 ungegonga freti na kukwaruza. Mwenye mkono mwepesi anaweza kufika 2, mradi kipande kibaki kimejitokeza vya kutosha juu ya daraja.

Vile vijifereji vinavyopitisha nyuzi upande wa vichwa vya kutunia nilimwachia fundi. Vinataka tupa nyembamba ambazo sina. F sasa inatoka bila kukunja uso. Nampa mtengenezaji nyota nne, na kwa bei ile ningelinunua tena, ila ningeagiza na kipande cha akiba cha mfupa.